Memwari ya Primitive

Primitive alikuwa na namna yake ya kula parachichi. Alilikata katikati, akala nusu moja asubuhi kwa mkate, na ile yenye kokwa akaifunika kwa kisahani mpaka jioni ili isiwe nyeusi. Tulilala chumba kimoja chuoni Butare kwa miaka yote ya masomo yetu, na katika mwaka wa mwisho, mwaka 2000, hiyo nusu ya jioni mara nyingi ndiyo ilikuwa chakula chake chote.

Mimi naitwa Nasiba. Kwetu ni Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, lakini nililelewa Kigoma, na niliporudi Rwanda na wazazi wangu sikujua Kifaransa hata neno moja. Primitive alizaliwa na wakimbizi wa Kinyarwanda Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya Mto Rusizi, akasoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Baba yake, Mzee Damascène, alikuwa karani huko, na alikufa kabla familia haijarudi. Mwanzoni mwa 1995 mama yake, Maman Mukankusi, alivuka na watoto wake na magodoro mawili, wakapanga nyumba Kamembe. Akaanza kuuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wanaovuliwa na watu wa kisiwa cha Nkombo.

Chuoni walimu wengi walifundisha kwa Kifaransa. Sisi tuliotoka Tanzania na Uganda tulikaa nyuma tukiandika maneno kama tulivyoyasikia, bila kujua tunaandika nini. Jioni ya kwanza nilipomkuta Primitive akisoma kitandani nilimwomba anieleze somo la siku hiyo. Alisogea, akanipa nafasi.

"Sikiliza, sha. Professeur anasema mizizi ya muchele inapenda maji, lakini haipendi maji yenye kusimama siku mingi."

"Mchele ni ule uliokobolewa," nikamwambia. "Shambani ni mpunga."

"Kwetu yote ni muchele. Unataka kusoma ao unataka kunisahihisha?"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kilimo: kutoka Kifaransa cha mwalimu hadi Kiswahili cha Bukavu, na kutoka hapo hadi Kiswahili changu. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa wanane tukibanana kwenye vitanda viwili. Habineza, aliyekulia Uganda, alikuwa na Kiswahili cha jeshini, amri tupu, kana kwamba kila sentensi imevaa buti. Primitive alimcheka mpaka akalala chini. Hakuna aliyetamka neno malipo, lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu pia. Mmoja alileta sukari, mwingine kipande cha sabuni, Habineza mkate wake wa asubuhi. Vitu hivyo ndivyo vilivyomfikisha Primitive mwaka wa tatu.

Kisha vita vya pili vya Kongo vikakolea, na biashara ya ng'ambo ikawa ya wasiwasi. Siku nyingine wavuvi hawakuingia ziwani, na Maman Mukankusi alikaa sokoni mbele ya meza tupu. Buruse, ile posho ya wanafunzi ya serikali, ilichelewa, ikija ilikuwa imeshaliwa na madeni. Primitive akaanza kusuka wenzake nywele Jumamosi. Alinakili silabasi, yaani vitini vya walimu, za mwaka mzima kwa mkono kwa sababu fotokopi ilimshinda. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya heshima, vya kwangu, naye alivivaa kila alipoitwa mbele ya walimu, akijaza karatasi kwenye ncha maana mguu wake ulikuwa mdogo. Mama yake alipopata, alituma kifuko cha sambaza kwa dereva yeyote aliyekuwa akipanda kupitia msitu wa Nyungwe. Tuliwachemsha kwenye jiko la umeme lililokatazwa, tukiziba mlango kwa taulo. Haikusaidia. Korido nzima ilijua, na wasichana wa chumba cha pili wakabisha hodi na sahani zao. Hadi leo nikinusa sambaza mahali naona ile taulo ya bluu.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alipaswa kuandika memwari, kile kitabu cha utafiti ambacho bila hicho hupati digrii. Primitive alichagua wanawake wanaolima mpunga Bugarama na jinsi wanavyohifadhi mavuno yao. Alichagua kwa moyo, lakini pia kwa tumbo: Bugarama angelala kwetu. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na dereva mmoja wa malori, Cassien, alituchukua bure. Kwa mwezi mzima Primitive alitembea kwenye matuta akiwa amekunja sketi magotini, akawahoji wanawake sitini na mmoja. Jioni mama yangu alimpakulia wali mara mbili bila kuulizwa. Alirudi Butare na mashavu.

Akaandika madaftari manne kwa mkono, mwandiko mzuri kama wa mtawa. Lakini chuo hakikupokea mwandiko wa mkono. Ilibidi memwari ichapwe, na kuchapisha kurasa themanini mjini ilikuwa ni sawa na chakula chake cha miezi miwili. Alizunguka kwenye ofisi zote za kuchapa akiomba apunguziwe. Jioni ile alirudi, akaweka madaftari chini ya mto, akalala bila kugusa parachichi.

Tulikwenda Kamembe likizo ya Pasaka. Maman Mukankusi alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta sambaza.

"Mashini ya kuandika ya baba yako iko kwa Papa Murhula," alisema. "Tuliogopa basoda wa mupaka na bunduki zao batatunyanganya, nikamuachia. Nenda uichukue."

Murhula alikuwa jirani yao wa zamani kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, Mushi wa kabila la wenyeji aliyefanya kazi na Mzee Damascène. Primitive hakuwa amevuka tangu vita vianze. Wanyarwanda hawakutazamwa vizuri Bukavu siku hizo, na ilieleweka kwa nini: jeshi la Rwanda lilikuwa likipigana nchini mwao. Nilimwambia nitakwenda naye. Asubuhi tukavuka daraja na vibali vyetu, tukapanda hadi Kadutu kwa miguu, yeye akinionyesha njiani: hapa tuliuza mandazi, hapa nilianguka na baiskeli, hapa palikuwa na mpera.

Tulimkuta Murhula kabla hatujafika nyumbani kwake. Alikuwa ameketi karibu na soko, chini ya ukingo wa bati, na mbele yake mashine ya Mzee Damascène juu ya meza ndogo. Watu walipanga foleni kwenye benchi. Wengi walikuwa wamekimbia vijiji vyao, wakihitaji barua za kuomba msaada, za kutafuta ndugu, za kueleza wao ni nani kwa sababu vitambulisho vimeungua. Alikuwa mzee sasa, amekonda, lakini vidole vyake viliruka kama mvua kwenye bati.

Alimtambua Primitive, akasimama.

"Mutoto ya Damascène! Kuya hapa nikuone. Umekomea murefu hivi?"

Walishikana mikono muda mrefu. Aliuliza habari za mama, za wadogo, za masomo. Primitive alijibu yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye benchi, kwa wale watu, na kwa msichana wa Murhula aliyekuwa amemletea baba yake sahani ya bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Niliona hawezi kusema kilichomleta. Ni mzee mwenyewe aliyesema.

"Umekuya juu ya mashini."

"Ndiyo, Papa."

"Ni yako. Sikuiuzisha hata siku njala ilituingilia. Lakini naona unaona. Kazi yangu ilifungwa. Hii ndiyo inalisha nyumba." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ukisema leo, nakufungia yote mu kitambaa, unabeba."

Primitive akafungua mfuko, akatoa yale madaftari manne, akayaweka kando ya mashine.

"Sitaibeba, Papa. Nataka tu unipigie hizi."

Murhula aliyapekua, akakohoa. "Mingi hivi? Na hawa batu kwenye banc, nani atawaandikia?"

"Mimi. Kwa mukono. Na bei yako bakulipe wewe."

Ndivyo ilivyokuwa kwa siku tisa. Tulivuka daraja asubuhi, tukarudi kabla mpaka haujafungwa. Mimi nilikaa kulia kwa Murhula nikimsomea Kifaransa cha Primitive, kwa ulimi wa Kigoma, naye akinikatiza kila mstari: "Nini? Rudilia." Primitive alikaa kushoto na karatasi magotini, akisikiliza mtu mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza watu wawili walisikia jina lake la Kinyarwanda wakaondoka. Murhula hakuwaita. Mchana alisema kwa sauti, bila kumwelekea mtu, "Huyu amezaliwa hapa. Nilikuwa kwa ubatizo yake." Kisha akaendelea kupiga.

Siku ya nne akaja mama mmoja kutoka vijiji vya Walungu, na mtoto mgongoni. Alikaa mbele ya Primitive, akamtazama pua na vidole.

"Uko Munyarwanda?"

"Ndiyo, Maman. Nilizaliwa, nilikomeaka hapa Kadutu."

"Hii vita yenu imenichukulia bwana."

Mashine ikanyamaza. Nilidhani Primitive angejitetea, maana alikuwa na mengi ya kusema. Yeye pia alikuwa amezika watu. Badala yake alishika kalamu tu juu ya karatasi.

Yule mama akamhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani, akaanza kumnyonyesha. Kisha akasema, "Andika basi. Jina ya ukoo ya bwana yangu, uandike muzuri, basiikosee."

Primitive aliandika kurasa mbili. Alimsomea polepole, akasahihisha alipokosea jina la kilima chao, akasoma tena. Mama alitia sahihi kwa kidole gumba chenye wino, akachukua barua, akaikunja ndani ya kitenge. Alipoinuka alisema, "Aksanti, mutoto." Siku ile tuliporudi Primitive hakunionyesha lolote njiani. Kwenye daraja alisimama akatazama maji mpaka askari akatuambia tupite.

Siku ya sita chuma cha herufi W kilikatika. Murhula alikigeuza mkononi kwa huzuni.

"Kifaransa haina lazima na W," alisema. "Ni majina yenu ya Kinyarwanda, Uwi huyu, Uwa yule. Imekufa juu yenu."

Tulicheka sana, hata watu wa kwenye benchi. Kuanzia hapo aliacha nafasi, na usiku huo huo Primitive akaanza kuzijaza kwa kalamu nyeusi, moja moja, mpaka ukurasa wa mwisho.

Siku ya kuitetea memwari alivaa viatu vyeusi na karatasi zake kwenye ncha. Mmoja wa walimu watatu waliokaa mbele yake, Bwana Protais, alipekua kitabu, akakiinua kwenye mwanga.

"Mademoiselle, kila mtu sasa analeta kazi ya kompyuta. Na hizi W kwa nini zimeandikwa kwa mkono?"

"Mashine ilivunjika, Bwana Profesa. Nami sikuwa na ya kulipia nyingine."

Aliisema hivyo hivyo, wazi, mbele ya ukumbi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akikiri jambo hilo mbele ya watu. Bwana Protais alimtazama, akafungua ukurasa wa mavuno, akaanza kumuuliza kuhusu maghala ya matope na panya. Hapo Primitive hakushikika. Alijibu kwa Kifaransa nusu saa, akataja wanawake kwa majina, nani anatumia majivu na nani anatumia majani ya mkaratusi. Walimpa alama ya juu kuliko zote mwaka ule katika idara yetu.

Waliomaliza kwa kawaida walikaribisha walimu na wageni kwa vinywaji. Primitive hakuwa na chochote, alikuwa amejiandaa kutoroka kwa mlango wa nyuma. Habineza alimzuia. Nje, chini ya mikaratusi, sisi wenzake saba wa vitandani tulikuwa tumeweka meza: Fanta, ndizi, karanga, na sufuria nzima ya sambaza aliyoileta Maman Mukankusi mwenyewe kutoka Kamembe, amevaa mshanana mweupe, vazi la sherehe la Kinyarwanda. Bwana Protais alikula kwa vidole. Habineza alitoa hotuba kwa Kiswahili chake cha buti, akiamuru kila mtu afurahi.

Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Mashine ilibaki Kadutu, na Papa Murhula akasomesha watoto wake wawili kwayo. Primitive ni mtaalamu wa kilimo, amezunguka Gitambi na Rwimbogo kwa pikipiki mpaka kila mkulima anaujua mlio wake. Mimi nafundisha Bugarama. Nafundisha Kifaransa, jambo linalomchekesha kila anaponitambulisha kwa watu.

Mwezi uliopita nilimtembelea Kamembe. Binti yake, Bella, yuko chuo mwaka wa tatu, alikuwa likizo. Tukiwa mezani alilalamika kwamba chakula cha chuo hakiliki, kila siku wali na maharage, na wali wenyewe umepoa. Nilimtazama Primitive. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Pole, mwanangu," alimwambia, akampakulia tena.