Msiba wa Babu wa Mti

Enzi zetu sie, wenzangu wa Temeke, hakuna aliyetazama sinema peke yake kalala ubavu kitandani. Sinema ilikuja kwa gari. Gari la serikali likiingia mtaani na bomba lake la kupigia kelele, watoto tuliacha hata mchezo wa rede katikati, tukalifuata mpaka uwanjani na vumbi lote midomoni. Magharibi ikishaswaliwa, shuka jeupe linatundikwa, kila nyumba inatandika mkeka wake, na mihogo ya kukaanga inapita na pilipili ya kukutoa kamasi.

Ila Waingereza nao! Kila sinema yao ilikuwa ya kutufunza. Osha mikono. Fukia madimbwi. Chimba choo. Tulikaa kwa kuwa ni bure tu, na Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anasinzia toka mwanzo hadi mwisho. Kumbe jioni moja wakasahau kutufunza, wakatuletea familia ya wanasesere.

Haki ya Mungu, sijapata kuona tena kitu kama kile. Baba, mama, watoto wawili na babu, wote wa mti, wa kuchongwa, nao wanatembea! Mtangazaji alitueleza kwamba mwanasesere anasogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena, anapigwa tena, na picha zikiunganishwa ndiyo anaonekana anakwenda. Tulimwelewa, hatukuwa wajinga. Lakini babu yule alipoinuka kitini, akasita kama mtu mwenye magoti mabovu, uwanja mzima ulimwambia, "Polepole, babu!" Koti lake lilikuwa la kitambaa cha kweli, na kiwikoni lina kiraka. Bibi usingizi ulimruka, akanishika mkono.

"Kiraka kile kashonewa na mtu anayempenda," akasema.

Basi babu akaenda kisimani kuteka maji. Akainama. Akainama zaidi. Akatumbukia, na papo hapo mtambo wa umeme ukakohoa, ukazima. Wakahangaika nao wee, wapi! Mwishowe mtangazaji akatuambia twende zetu nyumbani, gari litarudi mwezi ujao.

Mwezi ujao, na mzee wa watu yumo kisimani! Wanawake walirudi majumbani wameshika vichwa. Mie nilidhani yataishia hapo, maana kesho yake ndiyo ilikuwa ngoma ya harusi ya dada yangu Zuhura, na gauni langu jipya lilikuwa limeshatundikwa msumarini.

Asubuhi tukamkuta Bibi mkekani, kajitanda kaniki ya msiba. Na Bibi ndiye aliyekuwa kungwi wetu. Bila ruhusa yake hakuna mkono ungegusa ngoma.

"Mtaa wenye msiba haupigi ngoma," akasema.

"Mama, kile ni kijiti!" Mama alitaka kupasuka.

"Kijiti kinashonewa kiraka?"

"Wakwe wanakuja jioni!"

"Waje. Watatupa pole."

Msicheke. Siku hizo harusi bila ngoma ilikuwa aibu ya maisha. Wangesema bibi harusi ana lake jambo linafichwa. Dada Zuhura alilia, na hina mbichi mikononi, hata kujifuta hawezi, nikawa namfuta mie kwa ncha ya khanga. Na wanawake wenziwe Bibi, walioyaona kwa macho yao, wakaanza kuja mmoja mmoja kukaa msibani, na vibakuli vya unga kichwani. Jikoni kunakatwa vitunguu vya pilau, chumbani wanamwombea babu wa mti apunguziwe adhabu ya kaburi.

Baba ndiye aliyepata akili. "Msiba hauondolewi kwa ubishi," akasema. "Mwiteni mtani."

Sie Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, na mtani ana haki yake msibani: atamwigiza marehemu, atawatukana wafiwa mpaka wacheke, na kukasirika ni mwiko. Mtani wa mtaa wetu alikuwa Mzee Maganga, mchukuzi wa mizigo bandarini. Alisikiliza habari yote, akaomba koti kuukuu na ndoo ya maji.

Akatokea mlangoni kalowa chapachapa. Hatua moja, akaganda. Hatua nyingine, akaganda, jicho halipepesi. Akamfikia Bibi vivyo hivyo, kidogo kidogo, maji yanamchuruzika, akainama akaganda tena.

"Mke wangu," akasema, "mie natoka kisimani na baridi yangu, wewe unanikalia matanga! Nani kakwambia nimekufa? Unataka kuolewa?"

Nikamwona Bibi anauma mdomo, mabega yanatikisika.

"Mnyamwezi weye!" akapasuka kwa kicheko. "Hata maji yamekukataa!"

Alicheka mpaka kaniki ikamdondoka. Kisha akafuta machozi, akasema, "Haya, wakazipashe ngoma moto." Mzee Maganga akaondoka na jogoo wetu mkubwa kwa haki yake ya utani, na Mama akamwongezea na vitumbua. Tulicheza ile ngoma mpaka nyayo zikawaka. Gari nalo lilirudi, na sinema ya kuosha mikono. Mpaka leo sijui babu yule alipona ama vipi.

Siku hizi wanasesere hao wanaletwa na simu, wana rangi zote na mtambo haukohoi. Juzi mjukuu wangu alinionyesha mmoja, kitoto cha udongo kimepotezana na mama yake sokoni. Nikasema, "Maskini, jamani!" na machozi yakanitoka.

"Bibi naye! Mdoli tu huo," akasema, huku anatafuna chipsi. Kidole chake kikapita, mdoli akaenda, akaja mtu anacheza muziki. Nikamwomba anirudishie, nijue kama mama kaonekana. Hakujua tena pa kumpata. Akaenda zake chumbani na simu yake, nami nikabaki kochini na uchungu wangu, na mtaa mzima hapakuwa na mtu wa kuja kunipa pole.