Pua ya Mama Mkwe

Mwenye sabuni ya maziwa ya mbuzi ana mikono laini na pua isiyomfaa kitu. Kukaa na mbuzi miaka yote hii kumemfanya asisikie tena harufu ya beberu, na beberu akiwasogelea majike siku ya kukamua, maziwa hubeba uvundo wake mpaka kwenye sabuni. Kwa hiyo kila anapopika, mche wa kwanza huupeleka barazani kwa mama mkwe, ambaye hakuwahi kuwapenda mbuzi wala kulificha hilo. "Mtoe beberu wako hapa!" hufoka, na sabuni yote huishia kufulia matambara. Akinyamaza na kuunusa mche mara ya pili, mzigo unakwenda sokoni.

Majuzi mama mkwe aliugua mafua makali, akapona. Asubuhi moja mwenye sabuni alitoka kupambana na beberu aliyekata kamba, shati limelowa jasho la mnyama, akasahau kunawa, akamnyooshea mama mkwe mche. Siku zote angefukuzwa tangu mlangoni. Mama mkwe akanusa, akafumba macho.

"Safi, mwanangu. Kafunge mzigo."

Mwenye sabuni aliutazama mkono wake mchafu chini ya pua ile. "Asante, mama," akasema.

Siku hizi sabuni hunuswa kwanza na jirani, uani, yeye na mwenye sabuni wakinong'onezana. Kisha mwenye sabuni hunawa mikono vizuri, huupeleka mche barazani, na kungoja aambiwe.