Jina Nililolitaja Njia ya Masigo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu katika shule ya misheni, nilijivunia sana kujua majina ya vitu. Mwalimu alitufundisha kwamba kila kitu kina jina lake sahihi, na kwamba jina ni sauti tu, halina nguvu nyingine. Somo hilo nililishika kuliko hesabu. Hata leo, mzee mstaafu hapa Mpanda, bado huwasahihisha wajukuu wanaposema "ule mti" wakati ni mninga.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Nyamizi. Padri alimbatiza Felista, lakini nje ya kanisa sikumsikia mtu akimwita hivyo. Tuliishi Inyonga. Kila mwaka baada ya mavuno alikwenda kwa miguu kumwona dada yake Kalunde, aliyeolewa Masigo, mwendo wa kutwa nzima ndani ya pori la miyombo. Katika tumbo lao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Bibi alikaa huko mwezi mzima, akarudi amenenepa na sauti imemkauka kwa kucheka.

Mwaka huo alinichukua mimi.

"Mume wangu huyu ndiye atakayenilinda," aliwaambia majirani. Wakaitazama miguu yangu, wakacheka.

Mashamba yalipoishia palikuwa na rundo la matawi makavu kando ya njia. Bibi alivunja kitawi kibichi akakiweka juu, kuwaomba njia wazee waliotangulia, akanipa na mimi changu. Kuanzia hapo mpaka kwenye rundo la upande wa Masigo, simba hatajwi. Anaitwa Mwenyewe. Hapa naandika simba kwa kuwa karatasi si pori, ingawa mkono bado unasita.

"Kwani nikimtaja?" niliuliza.

"Wewe ukiitwa jina lako, huitiki?"

"Naitika."

"Basi na yeye ana masikio."

"Mwalimu anasema jina ni sauti tu."

"Mwalimu wako anasafiri kwa lori. Mwambie apite huku kwa miguu yake, halafu tuzungumze."

Mengine aliyonifundisha asubuhi ile hayakuwa na ubishi. Tulikwenda tukizungumza kwa sauti ili wanyama watusikie na kutupisha. Penye kona yenye nyasi ndefu alikohoa na kupiga makofi kwanza. Kibuyu cha asali alichombebea dada yake alikiziba kwa nta na majani, harufu isitoke. Ndege wakinyamaza ghafla, tunasimama.

"Na tukikutana naye, hukimbii," alisema. "Hata ukijikojolea, jikojolee umesimama."

Jua lilipokaribia utosini aliniacha chini ya mti, akaenda kichakani kujisaidia. Nikasema, "Simba." Kwanza kwa kunong'ona. Nikasema tena kwa sauti ya darasani. Mara ya tatu nilipaza sauti kabisa. Njiwa aliendelea kulia juu ya mti. Nilifurahi kama mtu aliyepata alama zote.

Hatukwenda mbali. Tulipofika kwenye kijito kilichobakiwa na madimbwi, ndege walinyamaza. Alikuwa amesimama ng'ambo, dume, hatua kama thelathini kutoka kwetu, kidevu kimelowa maji. Niligeuka nikimbie, lakini bibi alikuwa amekwisha kunikanyaga mguu kwa nguvu, na hakuuachia. Akafungua kaniki aliyojitanda, akaiinua juu kwa mikono yote miwili tuonekane wakubwa.

"Mwenyewe," alisema, kwa sauti aliyoitumia mbele ya wazee, "sisi ni wapita njia. Mimi ni Nyamizi, nakwenda kwa dada yangu. Njia ni yako. Tunarudi."

Tukarudi kinyumenyume, nyuso zetu kwake, hatua moja moja, mpaka miti ilipotuficha. Hapo ndipo alipokaa chini.

"Ulimtaja?"

"Hapana, bibi."

Alijitanda tena kaniki yake.

"Basi ni mimi," alisema. "Wazee wamenikatalia njia."

Nilidhani ni maneno ya hofu tu, yatapita. Asali ya Kalunde tuliila sisi Inyonga, na sikuusikia utamu wake. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, bibi alifunga kikapu chake cha safari, kisha akakifungua. Wanaume waliokwenda Masigo walimwambia wafuatane naye. "Aliyekataliwa ni mimi, si nyie," alijibu, akawapa ugoro wampelekee dada yake. Nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni. Ningesema neno moja tu, angeondoka nao siku ileile. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye nilikuwa msomi mdogo, na kukiri kungekuwa kusema kwamba jina lile lina nguvu na mwalimu amekosea. Basi nikamwachia bibi kosa lisilo lake. Nilikuwa shule ya kati, Tabora, barua iliponifikia kwamba amefariki. Yeye na dada yake hawakuwa wameonana tena.

Mwaka juzi, katika miaka hii ya tisini, nilipata nafasi kwenye lori la tumbaku linalofika Masigo.

"Mzee, eti huku kuna simba?" kijana mmoja aliniuliza juu ya magunia.

"Mwenyewe yupo," nilijibu.

"Mwenyewe nani?"

Nilimwonyesha pori kwa kidevu.

Kalunde naye alikwisha kufa zamani. Alinipokea mjukuu wake, mama wa makamo, akanipa kigoda. Kama ilivyo desturi yangu, nilimuuliza jina.

"Nyamizi," alisema. "Bibi ndiye aliyenipa. Alikuwa na dada yake huko Inyonga, akaacha kuja, hatujui kwa nini. Basi, mama alinisimulia, kila jioni bibi anasimama hapo uani, anaita, Nyamizi, Nyamizi. Mama anamwambia, mtoto si huyo hapo mgongoni kwako, unamwita nani? Anasema, niache niite, ataitika tu."

Alicheka kwa kukumbuka. Nikamweleza yote, tangu kitawi mpaka kikapu kilichofunguliwa. Aligeuka akautazama ua.

"Ulikuwa mtoto, kaka," alisema mwishowe.

Ni kweli, nilikuwa mtoto siku moja. Miaka iliyofuata nilikuwa mtu mzima kidogo kidogo, na bado nilinyamaza.

Simba yule sijui kama aliitikia jina lake au alikuwa na kiu tu. Wakati ule wa kiangazi hapakuwa na maji mengine karibu. Sitabishana na mwalimu wangu, wala na bibi. Ila najua kuna mwingine aliyeitwa jioni baada ya jioni, kwa jina lake sahihi, na miguu ya kwenda alikuwa nayo. Aliyekuwa amesimama njiani si Mwenyewe. Ni mimi.