Wifi Yangu Hutembea na Kibao cha Halali Mkobani

Naomba jina langu mlifiche, maana wanaonijua wamo humu. Nina miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Mombasa. Naishi na mume wangu hapa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, tunatuma viatu nyumbani. Naandika kwa hasira, mnisamehe.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, alikuja kututembelea. Mama huyu kwenye ndege alikataa chakula chote, akala mahamri yake aliyobeba. Binti yake, wifi yangu, yuko hukuhuku Guangzhou, na kazi yake ni kutembeza Waislamu. Hukusanya wafanyabiashara na wanafunzi akawapeleka Guilin kuona milima na mto, na kwenye tangazo huandika chakula ni halali na sala ni kwa wakati. Mavyaa akasema hataondoka China bila kutembezwa na mwanawe. Nikafuatana naye.

Sasa sisi Waislamu wa huku tuna mazoea yetu. Ukifika mkahawani huulizi kitu, unatazama mlangoni. Ukiona kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu, unaingia, bismillahi, unakula. Wifi anayajua mazoea hayo vizuri sana.

Guilin ni kuzuri, sikatai. Kila tukienda kula wifi alitangulia, eti akatupangie meza, sisi tukimfuata polepole kwa ajili ya mguu wa mama. Mchana tulikula tambi za mchele. Mavyaa alimaliza bakuli akaomba supu nyingine. Kibao cha mlangoni kilikuwa cha kitambaa, kona moja imeungua kwa pasi. Jioni tukaenda mtaa mwingine kabisa, mkahawa mwingine, nikakuta kibao kilekile na kona yake ileile.

Nikaingia jikoni kama naomba maji ya moto ya dawa za mama. Mguu wa nguruwe huo, juu ya ubao wa kukatia! Nikamuuliza laoban, mwenye mkahawa, kama yeye ni Mwislamu. Akacheka, akasema hapana, kile kitambaa kaja nacho yule dada, yeye alidhani ni bendera ya kikundi chetu.

Nikamvuta wifi nje. Hakuona hata haya. Alikiri kwamba na mchana ilikuwa hivyohivyo, kwa sababu mikahawa ya Waislamu iko mbali na mashua na watu wangechelewa. Kisha akanitazama machoni.

"Mama hajui, kwa hivyo hana dhambi. Wewe ndiye umejua, basi ibebe wewe."

Mamake mzazi, jamani! Aliyemnyonyesha!

Nilirudi mezani nikamwambia mavyaa kile chakula kimechacha, nikampa ndizi na mayai ya kuchemsha. Akanigombeza mbele ya watu wote, eti namuonea kijicho mwanawe kwa kazi yake nzuri. Nikammenyea yai. 

Mume wangu nilipomwambia alifoka, akampigia dadake simu, wakatukanana. Kesho yake akapoa. Akaniambia nikimwambia mama nitamtia maradhi, na jambo lenyewe limeshapita.

Limepita wapi? Mavyaa karudi Mombasa, kawasimulia kina mama wenzake wa darsa, na sasa kundi zima linakuja kutembezwa na wifi. Watu wazima, wengine wameshahiji, wameshonesha na buibui za sare. Nikampigia wifi, nikamsihi safari hii awapeleke kwa Waislamu wa kweli. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, kile kibao cha kuungua amekitupa, ameshonesha kipya.

Sikulala. Nilitaka kumpigia mavyaa asubuhi ile ile nimwage yote, na yeye akanitangulia kwa ujumbe wa sauti, furaha tupu:

"Mwanangu, wenzangu walikuwa wanasita. Nikawaambia, mke wa mwanangu anakijua Kichina chote, na yeye alikula pamoja na mimi. Hapo ndipo wakakubali."

Nikisema, nimemkosanisha mama na binti yake na ndoa yangu naitia moto. Nikinyamaza, kina mama wale watalishwa nguruwe kwa jina langu. Sauti ile ninayo kwenye simu, sijaijibu. Ndugu zangu, nimjibu nini mama huyu?