Majina ya Mzee Mtoro

Bi Mardhiya wa Bagamoyo hakupenda uchafu, uwe wa uani au wa mtandaoni. Tangu astaafu kazi ya maktaba alikuwa akijitolea kuhariri kamusi elezo moja ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika na kuisahihisha. Humo mna ukurasa wa mazoezi, wageni wajaribie mkono. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajabandika chungu jikoni, aliufuta ukurasa huo wote ukabaki mweupe. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyoumbwa.

Mzee Mtoro wa Kaole alimjia akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa fundi cherehani, vidole vyake vimezoea sindano tu.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. "Nimekuja unifundishe. Daftari la majina ya marehemu wetu limeliwa na mchwa. Nataka niyaandike pasipofika mchwa."

Majina hayo ndiyo yaliyosomwa kwenye hitima ya ukoo kila Shaabani, na aliyebaki kuyajua kwa moyo alikuwa yeye peke yake. Bi Mardhiya alimweleza kwa upole kwamba kamusi haipokei orodha ya ukoo wa mtu.

"Lakini kwenye mazoezi andika upendalo, mzee wangu. Ukishazoea, tutayatafutia mahali pake."

Wakapatana awe anakuja kila Alhamisi. Mbili za kwanza mzee alihangaika kutafuta herufi kwenye kompyuta ya mwenyeji wake. Ya tatu alikaa tangu adhuhuri hadi alasiri, kidole kimoja, jina moja moja, kila mtu na baba yake. Bi Mardhiya alipita nyuma yake akaangalia kidole. Majina hakuyasoma.

Alhamisi iliyofuata mzee alifungua ukurasa akaukuta mtupu. Alivaa kofia yake.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe."

Hakurudi tena. Bi Mardhiya alidhani uzee umemchosha.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, watu husema, na huwa wepesi kumlaumu mwanafunzi kwa maneno hayo. Sasa mtu wa pwani aliyelelewa akaleleka amuulize vipi mwenyeji wake, "Mbona umemwaga nilicholeta?" Kosa lilikuwa la mwalimu, tusimfunike. Juu ya ukurasa ule kuna kitufe cha historia. Ukikibonyeza unaona kila kilichowahi kuandikwa, hata kilichofutwa. Bi Mardhiya alikiweka kuwa somo la mwisho, na mwanafunzi hakulifikia.

Mzee Mtoro alifariki mwezi wa Rajabu. Bi Mardhiya alikwenda Kaole kuhani, akaketi mkekani kando ya Wahida, binti wa marehemu.

"Baba alikusifu sana," Wahida alisema. "Ila alikufa na jambo moyoni. Alikuwa akisema, 'Nimewapoteza. Niliwaandika wote, wakafutwa.' Nikashika kalamu anitajie upya. Kila tukifika jina la tisa anakwama, analia."

Bi Mardhiya aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alitoa simu, akafungua ule ukurasa, akabonyeza historia, akarudi nyuma mwezi kwa mwezi. Yalikuwepo. Majina arobaini na moja, mengine yamekosewa herufi, hakuna lililopungua.

Shaabani ilipoingia, Shuaibu, mpwa wa marehemu, aliyasoma kwenye hitima mbele ya ukoo wote. La arobaini na mbili lilikuwa Mtoro. Bi Mardhiya ndiye aliyeliandika. Upande wa wanawake, Wahida alimwinamia sikioni.

"Kumbe yalikuwepo siku zote?"

"Siku zote."

"Na baba hakujua."

"Sikumwambia," Bi Mardhiya alijibu, akajifunika uso kwa mtandio.