Verlon Stancil na Ombi la Jumatano

Mkitaka kumjua Verlon Stancil, msiwaulize watu wa kanisani. Watawaambia ni mtu mwema, mkarimu kwa wajane, na kwamba hajawahi kuficha nyanya mbovu chini ya nzuri. Yote kweli. Niulizeni mimi, Wynelle, niliyemuuzia mbegu na mbolea tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi nampenda, na bado nikimwona barabarani mkono unaniwasha nimzabe kofi.

Alizaliwa hapahapa juu ya mlima wetu, kaskazini mwa Alabama, akarithi shamba la nyanya la baba yake na kofia ya baba yake, na vyote viwili hakuvibadilisha. Alichukia makaratasi. Alikuwa akigombana na redio ndani ya pikapu, peke yake, mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Vijana wa hapa aliwaajiri mara chungu nzima. Walikuja asubuhi na kufikia saa sita mchana wameshaona mgongo hauko tayari. Kisha masika moja akaja Fidencio Arriaga na mkewe Obdulia, kutoka Meksiko, na hao hawakuondoka. Verlon aliwapa nyumba ya bati nyuma ya ghala. Fidencio akawa ndiye anayejua mteremko upi unaiva kwanza. Imogene, mke wa Verlon, alipopooza, Obdulia ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka akafa. Dada zake Imogene walileta keki.

Sasa ndipo siasa zikaingia. Mbunge wetu wa jimbo alikuwa Royce Tidmore, binamu yake Verlon kwa upande wa mama. Huku kwetu huwezi kuomba kura bila kukaanga samaki, na kila uchaguzi Royce alikaanga samaki wake katika ghala la Verlon. Mwaka ule alipanda juu ya kreti, mdomo bado umejaa kambare, akanguruma: "Waajiri wanaowaficha watu wasio na makaratasi, tutawanyang'anya leseni! Tena mchana kweupe!"

Watu wakapiga makofi. Verlon naye akapiga. Na kambare yule alikaangwa na nani? Fidencio, kule nyuma, na aproni imemlowa mafuta. Royce aliposhuka akapokea sahani ya pili kutoka mkononi mwake na kumpiga bega: "Asante, rafiki yangu."

Nikamvuta Verlon shati. "We mzee, una akili timamu? Unashangilia, na wewe ndiye mwajiri anayesemwa!"

"Ah, Wynelle nawe! Anawasema wale wenye viwanda vya kuku huko bondeni. Royce ni damu yangu. Atanifanyia mimi hivyo?"

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu."

"Kula samaki wako, mwanamke. Wanapoa."

Sheria ikapita. Sikuwahi kuona kitu kikipita kwa kelele kubwa hivyo halafu kikaleta kimya kama kile. Kule bondeni nyumba za bati za wahamiaji zilianza kuachwa moja baada ya nyingine, milango wazi, mbwa wamefungwa na hakuna wa kuwapa maji. Uwanja ambao vijana wao walichezea mpira ukaota majani hadi magotini. Gari la polisi wa kaunti likazoea kusimama pale chini barabara inapoanza kupanda mlima, injini inaunguruma, halimsimamishi mtu, halimuulizi mtu. Linatazama tu. Wateja wangu wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ndani ya duka, hata waliokuwa wakiulizia chakula cha ng'ombe.

Verlon akamfuata Royce ofisini kwake, akarudi anacheka kicheko kikavu.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema nitulie. Sheria haikulengwa kwangu."

"Imeandikwa hivyo?"

"Nilimwambia aiandike hivyo. Akasema sheria haziandikwi hivyo."

"Basi imelengwa kwako, Verlon. Wee, imelengwa kwako!"

 Fidencio naye alikuwa amemuuliza waziwazi: "Bwana, tuondoke? Shemeji yangu yuko Tennessee, ametuita." Na Verlon, kwa kinywa chake, akamjibu: "Juu ya mlima huu hakuna atakayekugusa. Nakuahidi." Kwa ajili ya neno hilo Fidencio akafungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu alikuwa na njia, tukamwambia asiitumie.

Kanisani kwetu Jumatano ni siku ya kula pamoja na kuombeana. Mkishamaliza bamia na mkate wa mahindi, Mchungaji Hollis husimama na kuuliza, "Nani ana haja?" Hapo watu hufungua kila kitu: nyongo ya mama, ulevi wa mtoto, ndoa iliyopasuka. Mficha uchi hazai. Yanayosemwa pale yanatakiwa yabaki pale, ingawa kila mtu hubeba kidogo kwenda nayo nyumbani, pamoja na mabaki ya chakula.

Jumatano moja Verlon akasimama, kofia mkononi. Mtu asiyewahi kuomba lolote, hata Imogene alipokuwa akifa.

"Ndugu zangu," akasema, "naomba mumwombee Fidencio. Mnamjua. Makaratasi yake si ya kweli. Aliniambia mwenyewe miaka mingi iliyopita, nami nikanyamaza, kwa sababu nyinyi nanyi mngenyamaza. Muombeni Mungu sheria hii impite pembeni."

Uso ulinipanda moto. Nilitaka kumziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Verlon, Verlon! Ndani ya ukumbi ule mlikuwa na karani wa mahakama ya kaunti, mke wa polisi, na wakulima wawili ambao nyanya zao zilishindana na zake sokoni. Lakini yeye aliona kanisa. Aliona watu waliombeba yeye ubatizoni.

"Tutamwombea, Ndugu Verlon," akasema Mchungaji.

Na kweli tuliomba. Wanawake walilia. Katikati ya maombi nikafumbua macho, nikakuta si mimi peke yangu niliyefumbua.

Verlon aliporudi nyumbani akagonga mlango wa nyumba ya bati na kuwaambia kanisa zima limewaombea. Kesho yake Obdulia alikuja dukani na tamale za moto, chakula cha mahindi cha kwao, zimefungwa kwenye taulo, nyingine za Mchungaji, nyingine zangu. "Mama Wynelle," akaniambia, machozi yanamlengalenga, "kanisa zima! Watu wema namna hii!" Nikazipokea. 

Sheria ile ilikuwa na namba ya simu ambayo mwananchi yeyote angeweza kupiga kumsema mwajiri, bila kutaja jina lake. Nani alipiga? Mpaka leo sijui, na ndiyo maana mpaka leo nikimsalimu mtu kanisani namtazama mara mbili.

Polisi walikuja Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mistari ya nyanya. Hawakuuliza wafanyakazi wangapi, wala hawakuzunguka shamba. Walikwenda moja kwa moja ghalani na kuita, "Fidencio Arriaga," jina lote, kama linavyosomwa kwenye kaburi. Wafanyakazi wenzake walitawanyika kupitia msituni na hawakuonekana tena. Obdulia hakuwa na kosa ambalo wangeweza kumshikia siku ile, wakamwacha amesimama na kreti mikononi. Kabla ya wiki kwisha Verlon naye akaitwa mbele ya hakimu wa kaunti: ajibu kama alimwajiri mtu huyo huku akijua hana makaratasi.

Mimi ndiye niliyemwendesha kwenda kwa wakili mjini. Wakili alikuwa kijana nadhifu, akaweka miguu chini ya meza na kueleza polepole. Mwajiri aliyejua anapoteza leseni, na shamba linafungwa. Mwajiri aliyedanganywa kwa makaratasi ya bandia hana kosa.

"Kwa hiyo jambo ni moja tu, Mzee Stancil. Ulijua? Usinijibu. Kuna mtu yeyote uliyemwambia?"

"Nilimwambia Mungu," akasema Verlon.

"Na nani mwingine alikuwa anasikiliza?"

Verlon akanitazama. Nikaangalia dirishani. Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hao waliokuwa wakiomba nawe," akasema, "wana kumbukumbu nzuri?"

 Tulipofika kwake ndipo Verlon akafungua mdomo.

"Nikisema nilijua, shamba limekwenda. La baba yangu, Wynelle."

"Na ukisema hukujua?"

"Basi alinidanganya."

"Na aliyedanganya anafanywa nini?"

"Unajua."

"Nataka nikusikie ukisema wewe."

"Atafungwa kwa kughushi, kisha atafukuzwa nchini. Lakini atafukuzwa tu, Wynelle! Hata nikijinyonga atafukuzwa!"

"Atafukuzwa akiwa mtu aliyefanya kazi, au atafukuzwa akiwa mwizi aliyekulaghai wewe na mkeo marehemu. Chagua."

"Toka shambani kwangu," akaniambia. Nikatoka. Nililia njia nzima, na kulia kwangu huwa kwa hasira, si kwa huruma.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi ulijaa watu wa Jumatano. Royce hakuja, tuliambiwa ana shughuli za bunge. Fidencio aliletwa na nguo za mahabusu za rangi ya chungwa, minyororo miguuni, mkalimani kando yake. Alikuwa amekonda. Alipomwona Verlon akainua kidevu kidogo, salamu ile ile ya kila alfajiri ghalani.

Mwanasheria wa jimbo akaanza kuwaita. Mchungaji Hollis, mkono juu ya Biblia: hakumbuki ombi la namna hiyo. Mzee wa kanisa: alikuwa jikoni wakati huo. Karani: watu huomba mambo mengi. Mpiga kinanda: yeye husikia vibaya sikio la kushoto. Mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawawezi kukuibia hata msumari, waliapa na kusema uongo, na walifanya hivyo kwa upendo. Nakuapia, kwa upendo. Niliona jinsi walivyomtazama Verlon wakirudi kukaa, kama watu waliomletea chakula cha msiba. Hakuna aliyetupa jicho upande wa nguo za chungwa. Mimi sikuitwa. Mdomo wangu wanaujua.

Kisha Verlon. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Ulijua kwamba mtu huyu hana ruhusa ya kufanya kazi?"

"Hapana, bwana."

"Hakuwahi kukuambia?"

"Hapana."

"Basi ilikuwaje?"

 Mkalimani alikuwa ananong'ona sikioni kwa Fidencio, nyuma kidogo ya kila neno, kwa hiyo sote tuliweza kuona neno linapofika.

"Alinidanganya," akasema Verlon.

Likafika. Fidencio hakupiga kelele. Alishusha kidevu, akatazama mikono yake iliyofungwa, na hakuinua tena uso mpaka walipomtoa.

Leseni ikabaki. Watu wakampa Verlon mikono, wakamwambia Mungu ni mwema. Nje jua lilikuwa kali na mawingu mazito yamejikusanya nyuma ya mlima, na juu kule nyanya za mteremko wa kusini zilikuwa zinapasuka kwenye miti, hapana mkono wa kuzichuma. Polisi wawili walisimama mlangoni. Mchungaji alikuwa kando ya Verlon, na wakili kando ya Mchungaji.

Obdulia alikuwa akisubiri chini ya ngazi. Hakuruhusiwa kuingia, au aliogopa kuingia, sikuuliza. Alivaa gauni alilovaa kwenye mazishi ya Imogene. Habari alikuwa ameshapewa, niliiona usoni. Akapanda ngazi mbili, akasimama mbele ya Verlon, na sauti yake haikuwa hata na hasira. Alikuwa anauliza kwa sababu hakujua.

"Bwana Verlon. Ile Jumatano. Mlituombea kweli?"

Wakili akamgusa Verlon kiwiko. Polisi mmoja akageuza kichwa. Mchungaji Hollis akaanza kutafuta kitu mfukoni mwake.

Verlon akamtazama mwanamke aliyemwogesha mkewe. Midomo ikamcheza. Nilisema moyoni, sema, mzee, sema ndiyo, hilo tu, hata shamba liende na maji.

"Mama," akasema, "sijui unazungumzia nini."

Akavaa kofia, akashuka ngazi, akampita.