Mbegu Zilizokaushwa Kama Mahindi

Saa mbili asubuhi, Lorene Buchholz amepiga magoti ndani ya mtaro, matope yamempanda hadi kiunoni. Anapapasa chini ya maji. Anaibua mbegu ya mwaloni iliyokwisha kutoa kimzizi cheupe, anaitia kwenye ndoo na kuhesabu kwa sauti: "Mia mbili na tatu."

Hatua chache mbele, mumewe Verlin, mwenye miaka sitini na tisa na goti bovu, naye anapapasa.

"Hiyo umeikanyaga, mzee!"

"Sijaikanyaga mimi. Nimeikuta hivyo."

"Kama ulivyozikuta zile za magunia?"

Verlin anarudi kupapasa.

Kwa miaka kumi na tisa sasa Lorene amekuwa na kitalu kando ya nyumba yao, kaskazini-magharibi mwa Ohio. Anaotesha mwaloni wa kinamasi, mti wa kivuli wa huku kwetu, usiojali kusimama majini. Wateja wake ni watu ambao nyua zao hutuama maji na wamekwisha kufiwa na miti mingine. Mche wa miaka miwili huuuza dola kumi na nane.

"Sitajiriki," anasema. "Ila nikipita barabarani nikaiona miti yangu, moyo unafurahi."

Mbegu zote huziokota chini ya mwaloni mmoja mkubwa ulio hapa mtaroni. Mti huo utakatwa Januari ili mtaro upanuliwe, na huzaa vizuri mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa. Mwaka huu ulizaa. Lorene aliokota magunia mawili, kisha akaenda kumuuguza dada yake kwa siku tatu.

Hapo Verlin akaamua kumsaidia. Amelima mahindi maisha yake yote, na kwa mkulima wa mahindi mbegu yenye unyevu ni mbegu inayooza. Akazimwaga zote kwenye mashine ya kukaushia mahindi.

"Nilidhani nitasifiwa," ananiambia kwa sauti ya chini.

Mbegu ya mwaloni huu ikikauka imekufa. Lorene aliporudi alizitia kwenye pipa la maji, zikaelea zote; iliyo hai huzama. Nikiri kwamba niliposikia nilicheka. Nilipouona uso wa Lorene niliona haya.

"Siku tisa sikumsemesha," anasema Lorene. "Nilikuwa naongea na mbwa."

Siku ya kumi Verlin alivaa mabuti akashuka mtaroni peke yake, akijua kwamba zilizoangukia majini hazikuwahi kukauka. Alirudi na kumi na moja ndani ya kofia, akaziweka mezani. Kesho yake walishuka wote wawili.

Lorene anataka kufikisha mia tatu kabla ardhi haijaganda. Mia mbili ni za kuuza. Namuuliza hizo mia nyingine ni za nini, lakini Verlin anamuwahi.

"Za kwetu. Tutazipanda kwenye ile pembe ya shamba trekta linakonasa kila mwaka. Kuna bomba la kutoa maji pale chini, nitaliziba Machi."

Mkono wa Lorene unasimama majini. Habari ya kuziba bomba hakuwa nayo.

"Bomba alilochimbia marehemu baba yako?"

"Hilo hilo. Si umesema miti yako haitaki pakavu?"

Lorene anaisogeza ndoo katikati yao.

"Njoo huku basi," anamwambia. "Hapo ulipo nimeshapapasa."